Binti Aliyetangulia: Kumkumbuka si Kukosa Subira

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wazee wetu waliposema hivyo hawakutaja umri wa huyo mwana, kwani kila mwana ana uchungu wake. Lakini uko msiba mmoja ambao wanaokuja kutoa pole huwa hawajui waseme nini: msiba wa binti wa miaka 15, 16 au 18.

Kitoto kichanga kikifariki, maneno ya kuwaliwaza wazazi yako tayari, nayo ni ya kweli, kwani Mtume (S.A.W.) aliwabashiria kheri kubwa wazazi waliofiwa na watoto wasiobaleghe wakasubiri. Mzee akifariki, twasema amekula chumvi nyingi, ameona wajukuu. Binti wa miaka 16 hayumo huku wala huku. Amekwisha baleghe, na kalamu inamwandikia. Akisali na kufunga, afanya hivyo kwa jukumu lake mwenyewe. Ana mashoga zake, siri zake na daftari zake za skuli. Amekuwa mtu kamili mbele ya Mola wake, na huku mamake bado akimwita mtoto.

Katika nyumba zilizopatwa na msiba kama huu twasikia hukumu mbili. Ya kwanza husema: "Msimtaje tena, mtamtonesha mamake." Basi nguo hutolewa upesi, picha hufichwa, na jina la binti likawa mwiko ndani ya nyumba aliyozaliwa. Ya pili ni ya mama anayeapa kuwa furaha imekwisha. Harusini hendi, siku ya Idi habadili nguo, na watoto waliobaki wakicheka hukemewa. Wa kwanza hudai kuwa hiyo ndiyo subira, na wa pili hudai kuwa hayo ndiyo mapenzi. Basi swali letu ni hili: je, kumkumbuka binti aliyefariki ni kukosa subira? Na kama sivyo, mpaka wake uko wapi?

Tumtazame kwanza Bwana Mtume, ambaye alifiwa na wana kuliko wengi wetu. Watoto wake wote walimtangulia ila Bibi Fatima peke yake. Bibi Ruqayya alifariki mwaka wa 2 wa Hijra, siku za vita vya Badr. Bibi Zaynab akafariki mwaka wa 8. Bibi Ummu Kulthum mwaka wa 9. Na mtoto wake mdogo Ibrahim mwaka wa 10. Anas bin Malik amesimulia jinsi alivyomwona Mtume ameketi kaburini wakati wa kuzikwa binti yake, na macho yake yakitoka machozi. Alipofariki Ibrahim alilia pia, na akafundisha kwamba machozi ya jicho na huzuni ya moyo hayana lawama. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kusema maneno ya kumpinga Mola. Na Qur'ani yenyewe yatusimulia habari za Nabii Yaaqub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, wala hakuvuliwa Utume kwa sababu hiyo. Malalamiko yake aliyapeleka kwa Mwenyezi Mungu.

Hayo ni ya kulia. Ama kukumbuka, tazama kisa cha kidani. Baada ya vita vya Badr, Abul-As bin Rabi', mumewe Bibi Zaynab, alikuwa miongoni mwa mateka. Zaynab akatuma mali kutoka Makka ili amkomboe, na katika mali hiyo mlikuwa na kidani alichopewa na mamake, Bibi Khadija, siku ya arusi yake. Khadija alikuwa amekwisha fariki miaka kadhaa. Mtume alipokiona kidani kile alikijua, na moyo wake ukalainika sana. Akawaomba Masahaba, wakiona yafaa, wamwachilie yule mateka na wamrudishie Zaynab kitu chake. Wakakubali. Na imepokewa pia kuwa alipochinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Khadija.

Zingatia jambo hili, msomaji mpenzi. Mtume hakusahau, wala hakujilazimisha kusahau. Lakini kila kumbukumbu ilipomjia, aliyekuwa hai alipata faida: mateka akafunguliwa, binti akarudishiwa kidani, wanawake wakongwe wakapata nyama. Basi hapa ndipo tulipo na mizani yetu. Iko kumbukumbu inayoufungua mkono, na iko inayoufumba.

Tuje sasa kwa Bibi Aisha Taymur wa Cairo, mmoja wa washairi wakubwa wa kike wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1840. Utotoni mamake alitaka ajifunze kudarizi, yeye akataka vitabu. Babake akamwelewa, akamtafutia walimu. Aliolewa akiwa na miaka 14, na shughuli za nyumba zikamtenga na masomo kwa muda mrefu. Aliyempa nafasi ya kuyarudia ni binti yake, Tawhida. Binti huyu, hali akiwa bado mdogo, alizishika kazi za nyumba na kuwaangalia nduguze, ili mamake apate kusoma na kuandika.

Kisha Tawhida akaugua, akafariki akiwa na miaka 18. Bibi Aisha aliomboleza miaka 7. Alilia hata macho yakamwuma maradhi ya muda mrefu, na sehemu kubwa ya mashairi yake aliitia moto. Nani atakayethubutu kumlaumu? Lakini tutazame kilichoungua. Muda ule wa kuandika ulikuwa hadiya ya Tawhida kwa mamake. Mama alipoyachoma mashairi kwa ajili ya mapenzi ya binti yake, alichoma kitu ambacho binti yake alikitumikia. Huzuni inaweza kutufikisha hapo, tukaharibu kwa jina la marehemu kile ambacho marehemu mwenyewe alikipenda.

Bibi Aisha hakubaki hapo. Mwanawe Mahmud alimsihi ayaangalie macho yake na arudi kwenye kalamu. Akatibiwa, akayakusanya mashairi yaliyosalia, na diwani yake ya Kiarabu, Hilyat al-Tiraz, ikachapwa. Ndani yake limo shairi la kumlilia Tawhida. Mwaka 1887 kikatoka kitabu chake kingine, na akaendelea kuandika baada ya hapo. Alifariki mwaka 1902. Miaka ile 7 ya kilio isingalitujulisha chochote juu ya Tawhida. Twamjua leo, watu tulio mbali na Misri na baada ya zaidi ya miaka 100, kwa sababu mamake alirudi kwenye kazi.

Huku kwetu pwani twamkumbuka Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ambaye mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha, kisha akafariki. Huo ndio mpango tuuzoeao: mzazi atangulia, na mwana abaki na wasia. Binti anapotangulia yeye, mpango hugeuka. Mzazi ndiye anayebaki na wasia wa mwana. Na wasia wa binti wa miaka 16 haukuandikwa popote. Umo katika maisha yake: aliyoyaanza, aliowapenda, aliyokuwa akidaiwa. Hiyo ni amana, na mwenye amana hawezi kuitekeleza bila ya kukumbuka. Basi yatupasa tujue amana hiyo ina nini ndani.

Kwanza, madeni yake. Wengi husahau kuwa msichana aliyebaleghe huenda ana siku za Ramadhani alizofungua kwa udhuru wake na hakuwahi kuzilipa. Kama aliugua kabla ya kupata nafasi ya kuzilipa, hana deni. Kama nafasi aliipata, katika madhehebu ya Shafi tuyafuatayo wengi wetu wako wanavyuoni waliosema walii wake amfungie, na wako waliosema kila siku alishwe maskini kibaba kimoja. Aulizwe mwenye kujua, lakini asiulizwe baada ya miaka 10. Tena iko leso aliyoazima, kitabu cha watu, na shoga aliyegombana naye wiki mbili kabla hajafa. Shoga huyo sasa hana wa kumwomba radhi. Mama akimwita akamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe kwa niaba yake, nawe msamehe," amewapumzisha wawili.

Pili, marafiki zake. Mara nyingi mashoga wa marehemu huona haya kuja, wakichelea kuwa uso wao utamtonesha mama. Na mama naye huumia kuwaona wanakua, wanafaulu mitihani, wanaolewa. Jambo hili ni zito, wala hatusemi ni jepesi. Lakini Mtume aliwapelekea nyama marafiki wa Khadija kwa kuwa walikuwa ni marafiki wa Khadija. Wasichana hawa wana vipande vya maisha ya binti yako usivyovijua wewe.

Tatu, ukweli. Tumeamrishwa tuwataje wafu wetu kwa mema na tuzisitiri aibu zao. Barua na daftari za siri za binti si za kusomewa wageni. Siri yake ni siri yake hata akiwa kaburini. Lakini kusitiri si kumgeuza malaika. Binti aliyekuwa mcheshi, mvivu wa kuamka alfajiri, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, akumbukwe hivyo hivyo. Tukimfanya hakukosa kamwe, tunampoteza mara ya pili, na mdogo wake wa kike tunamtwika mzigo: kila siku atapimwa na dada asiyekosea, na hatamfikia.

Nne, waliobaki. Mahmud naye alifiwa na dadake. Kila nyumba yenye msiba huwa na Mahmud wake, mtoto anayelia chooni ili asimwongezee mamake huzuni, akajiuliza kimya kimya kama angalikufa yeye angaliliwa vile. Haki ya mtoto huyu haikuzikwa pamoja na nduguye.

Tano, sadaka. Saad bin Ubada alifiwa na mamake naye hayupo. Akamwuliza Mtume kama sadaka yamfaa maiti, akaambiwa ndiyo, naye akaitoa bustani yake. Asiye na bustani ana msahafu wa kuupeleka chuoni, au ada ya skuli ya msichana mmoja yatima. Na ikitolewa katika jambo alilolipenda binti mwenyewe, mzazi humkumbuka na kumtendea wema kwa tendo moja.

Limebaki neno moja ambalo Mtume alitutahadharisha nalo, nalo ni "laiti". Laiti tungalimpeleka hospitali mapema, laiti tusingalimruhusu kwenda. Neno hilo halimrudishi mtu, na alitufunza kuwa humfungulia Shetani mlango. Mzazi aliyefanya alilolijua siku ile, kwa elimu aliyokuwa nayo siku ile, asijihukumu kwa elimu aliyoipata baada ya maziko.

Basi subira si kusahau. Asiyekumbuka hana la kulisubiria. Mtajeni binti yenu, mamake na babake. Mtajeni mezani, mtajeni katika dua, mwambieni mdogo wake aliyezaliwa baadaye kuwa alikuwa na dada, na alipenda nini. Kisha mkiwa mmekwisha mtaja, tazameni mikono yenu kama imefunguka.

Mwenyezi Mungu awarehemu mabinti zetu waliotangulia, awape wazazi wao nyoyo za kuridhi, na atukutanishe nao katika rehema yake. Amin.