Amka, Mwanachuo: Kanuni Zinaandikwa Bila Wewe

Unasubiri nini?

Unasubiri mhadhiri akupe slaidi nyingine za maadili ya data? Unasubiri kukariri maana ya faragha, maana ya ridhaa, maana ya upendeleo, uyamwage yote kwenye karatasi ya mtihani, kisha uyasahau kabla hujafika kituo cha daladala?

Wakati wewe unakariri, wenzako wanaandika kanuni.

Wanaandika nani akopeshwe na nani anyimwe. Nani atambuliwe na kamera na nani akataliwe. Namba ya nani ichukuliwe, itunzwe wapi, ipewe nani. Walikaa kwenye madawati kama hayo unayokalia. Na muda si mrefu, atakayeketi mbele ya kompyuta kuamua mambo hayo ni wewe.

Uko tayari?

Usinionyeshe matokeo yako ya mtihani. Nimekuuliza kama uko tayari.

Itazame Nairobi mwaka 2023. Watu walipanga foleni ndefu kwenye jumba la mikutano la KICC, mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya watu zifutwe. Karibu miaka miwili ilipita kati ya foleni na amri.

Sheria ilikuwapo? Ilikuwapo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haisimami foleni na mtu. Anayesimama ni mtu mwenyewe, na kile anachokijua.

Wewe unajua nini? Ungemwambia nini mama aliyekuwa mbele yako kwenye foleni ile?

Kama jibu halikutoki mdomoni, hukufundishwa. Ulisomewa tu.

Basi acha kusomewa. Kata boksi. Chora ubao. Tengeneza mchezo.

Ndiyo, mchezo! Na usiniambie michezo ni ya watoto. Wazee wetu wanaketi barazani na bao lenye mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayethubutu kuwaita watoto. Wanapima, wanakumbuka, wanaona hatua ambazo wewe hujaziona. Mchezo ni kanuni zinazotembea. Ukicheza, unazitii. Ukibuni, unazitunga. Na anayetunga kanuni hana pa kujificha.

Mwaka 1904 huko Marekani, Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo wa ubaoni aliouita The Landlord's Game. Hakuwa profesa. Alikuwa karani wa hatimkato. Aliona wenye ardhi wakitajirika kwa kodi na wapangaji wakididimia, akataka watu waione dhuluma hiyo wakiwa mezani, kwa mikono yao wenyewe. Kutokana na mchezo wake ndipo ilipotoka Monopoly, iliyoanza kuuzwa na Parker Brothers mwaka 1935.

Karani mmoja. Ubao mmoja. Hoja nzito kuhusu uchumi ikaingia kwenye nyumba za watu.

Wewe una nini kinachokuzuia?

Tafuta wenzako wanne. Usichague marafiki wa darasa lako tu! Kundi lenu watano liwe na wa kompyuta, wa sheria, wa uuguzi, wa uhasibu, wa ualimu. Aliyezoea kuandika programu anajua data inavyokusanywa. Wa sheria anajua mipaka. Wa uuguzi ameshika faili la mgonjwa na anajua uzito wa siri. Mkiwa peke yenu kila mmoja ni kipande. Mkikaa meza moja mnaanza kuiona picha nzima.

Sasa chagueni jambo la kweli. Chukueni mikopo ya simu, ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hilo ni jambo lenu. Limo ndani ya simu za jamaa zenu.

Gaweni nafasi. Mmoja mkopeshaji. Mmoja mkopaji. Mmoja mtengenezaji wa programu. Mmoja mdhibiti wa serikali. Wa tano ni shangazi wa mkopaji, ambaye hajakopa hata senti, ila namba yake imo kwenye simu ya mpwa wake. Andikeni kanuni kwenye ukurasa mmoja. Rusheni dadu. Chezeni.

Mkopaji atachelewa kulipa. Mkopeshaji atafungua majina yaliyomo kwenye simu. Shangazi atapokea kadi ya vitisho. Raundi ya pili, kadi nyingine. Raundi ya tatu, yule mwenzenu anayecheza kama shangazi atainua kichwa na kuuliza: "Mbona mimi sina zamu?"

Nyamazeni hapo. Msikieni!

Hana zamu kwa sababu ninyi hamkumpa. Mliandika kanuni mkamsahau. Hamkuwa na nia mbaya, mlikuwa na haraka tu. Na hivyo ndivyo wanavyoumizwa watu wa kweli. Septemba 2023, Kamishna wa Data wa Kenya alitangaza faini ya shilingi 2,975,000 kwa kampuni ya mikopo iliyotumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine, ikawatumia jumbe za vitisho. Kina shangazi hao wapo. Wana majina. Hawakupewa zamu.

Slaidi gani ingekuonyesha hivyo?

Sasa rekebisheni. Mpeni shangazi kadi ya kukataa. Mkopeshaji atalalamika kwamba anapata hasara. Ongezeni faini. Mkopeshaji atailipa na kuendelea, kwa sababu faida ni kubwa kuliko faini. Ipandisheni tena. Sasa anagoma kukopesha kabisa, na mkopaji aliyekuwa na mtoto mgonjwa anarudi mikono mitupu. Mtabishana. Mtapandisha sauti. Mtaifuta kanuni mliyoipenda na kuandika nyingine.

Hapo ndipo unaposoma. Kila kanuni uliyoigusa imemgusa mtu, na mtu huyo ameketi mbele yako, anakutazama machoni.

Kisha peaneni michezo. Kundi jingine lichezee ubao wenu, ninyi mkae kimya mtazame. Watapata mianya ambayo hamkuiota. Watadanganya kwa njia ambazo kanuni zenu zinaruhusu. Msikasirike! Andikeni kila mwanya. Afadhali kanuni ivunjike kwenye boksi kuliko kwenye maisha ya mtu.

Na wewe mhadhiri, usijifiche nyuma ya mtaala. Wape wiki tatu. Usitoe alama kwa uzuri wa ubao. Toa alama kwa kila kanuni waliyoibadilisha na sababu waliyoitoa. Utashangaa ni akili kubwa kiasi gani ilikuwa imelala kwenye viti vya nyuma.

Najua visingizio vyako. Huna kompyuta? Boksi na kalamu vinatosha. Huna muda? Jana usiku ulikuwa na muda wa kupitisha video hadi saa saba. Unasoma uhasibu, data si fani yako? Mishahara, madeni na namba za akaunti za watu ni nini kama si data? Hujaagizwa na mtu? Nani alimwagiza Elizabeth Magie?

Au unajiambia wewe ni mwanafunzi tu.

Mwanafunzi tu? Joy Buolamwini, binti mwenye asili ya Ghana, alikuwa mwanafunzi wa MIT alipoona programu ya kutambua nyuso haiuoni uso wake mpaka avae barakoa nyeupe. Hakunung'unika akaenda kulala. Alipima. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, aliyezaliwa Ethiopia, wakachapisha utafiti: mfumo mmoja ulikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe hakuna mfumo uliozidi asilimia 0.8. Makampuni makubwa yalilazimika kujibu.

Buolamwini aliuliza swali lile lile la shangazi. Akalifuata mpaka mwisho.

Uwezo huo umo ndani yako. Umelala. Nani atauamsha kama si wewe?

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki hii, si muhula ujao. Leo andika majina ya wenzako wanne na uwapigie. Kesho tafuta boksi na mkasi. Ijumaa jioni muwe mezani. Mchezo wa kwanza utakuwa mbovu. Uvunjeni, tengenezeni wa pili. Wa pili utapwaya. Tengenezeni wa tatu. Upelekeni kwa mwaka wa kwanza, upelekeni sekondari uliyosoma, wacheze, wakosoe, wabadilishe.

Halafu siku utakapoajiriwa na ukaingia kwenye kikao cha kwanza, mkubwa akasema mfumo uko tayari na watu wote wakatikisa vichwa kukubali, inua mkono. Usitetemeke. Uliza kwa sauti: katika mfumo huu, nani hana zamu?

Na wasipokuwa na jibu, usiutie saini.