Simu Feki Ilikuwa ya Nani?

Tarehe 16 Juni 2016, ilipogonga saa sita usiku, simu bandia zilizimwa Tanzania nzima. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilikuwa imetangaza kwa miezi sita: bonyeza *#06#, simu itakuonyesha tarakimu 15, zitume kwenda 15090. Jibu likitaja aina ya simu ileile uliyoshika mkononi, umesalimika. Likitaja nyingine, au likisema namba haijulikani, anza kutafuta simu nyingine. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza.

Mambo haya yamezungumzwa sana kama habari ya teknolojia na biashara. Mimi nayaona kama swali la haki, na pa kuliulizia ni Ndundu, pale barabara ya kusini inapokutana na Mto Rufiji. Dar es Salaam swali hili hujificha, kwa sababu aliyeuziwa feki Kariakoo anaweza kupanda daladala kesho yake akamkabe muuzaji koo. Wa Ndundu anamkaba nani?

Bidhaa za umeme zimefika kusini kwa njia nyingi. Mwaka 1967 serikali iliunda Shirika la Biashara la Taifa, STC, likashika uagizaji na biashara ya jumla. Mwaka 1973 likavunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazee wakizitaja leo hukumbuka kwanza foleni. Redio ilikuwa kitu cha kusubiriwa. Televisheni Bara haikuwapo kabisa mpaka miaka ya 1990, wakati Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu ile ya 1970. Ubaya wa mfumo ule tunaujua, na sitaki kuupamba. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo hatuitaji: redio ikiharibika, aliyekuuzia anajulikana. Ana jengo, ana bango, ana meneja.

Soko huria likaleta bidhaa tele, likamwondoa mtu huyo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita elfu moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na pantoni iliyokuwa ikivusha magari Ndundu ikastaafu. Zamani gari la Lindi lilisimama hapa kungoja zamu, abiria wakashuka, wakala, wakazungumza. Sasa mabasi yanapita tu. Simu nazo zikaja na njia hiyo: zinatoka China, zinafika Dar, mwenye duka la jumla Kariakoo anampa mwenye duka la rejareja, naye anampa kijana anayezitembeza kwenye boksi shingoni. Mnunuzi wa mwisho ni mvuvi wa delta aliyeuza samaki wake asubuhi. Hakuna risiti. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, ila msemo huo ulitungwa kwa ajili ya mwenye mali nyingi. Mwenye simu moja hafungui daftari.

Sasa tuulize: simu ile ilikuwa bandia kwa maana gani? Ilipiga. Ilipokea. Ilituma pesa kwa mama. Tochi yake iliwaka usiku kwenye mtumbwi. Ukimwambia mwenyewe kwamba haikuwa simu, atakushangaa, na ana haki ya kukushangaa. Hata hivyo siwezi kusema ubandia wake ulikuwa wa makaratasi tu. Zile tarakimu 15 ndizo kitambulisho cha simu kwenye mtandao, na watengenezaji wa feki walikuwa wakinakili namba moja kwenye simu nyingi. Simu ya mtu ikiibwa, huwezi kuifungia peke yake, maana namba yake iko pia mikononi mwa watu wasiohusika. Mhalifu anayetafutwa naye anajificha kwenye namba hiyohiyo. Kwa hiyo simu iliyomfaa mvuvi ilikuwa wakati huohuo inamwondolea jirani yake kinga. Wanaosema serikali ilizima simu ili kuwafurahisha wenye viwanda wakubwa wanairuka hoja hii, nami nadhani wanairuka kwa sababu ni ngumu.

Basi kuzima kulikuwa sahihi. Swali langu ni nani alipaswa kulipa.

Watu wengi wa delta ni Waislamu, na fiqhi ya biashara ina jibu la zamani kuliko mitandao yote. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo kwenye kitu tangu siku ya mauzo, na hakuijua, ana khiyari ya kukirudisha na kupewa fedha yake. Kuna pia kisa ambacho kila aliyekaa chuoni amekisikia: Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakimlaumu mnunuzi kwa kutochimba. Wajibu wa kuonyesha ni wa aliyepanga rundo.

Kwenye simu, nafaka mbichi ni ile namba iliyojificha ndani. Na hapa pana ugumu ambao kisa hakina: kijana mwenye boksi shingoni huenda naye hakujua. Yeye hakupanga rundo, alilikuta limepangwa. Mwenye duka Kariakoo anaweza kusema hivyohivyo, na kila mmoja akimsukumia wa nyuma yake tutafika mpaka Guangzhou, mahali ambapo hakimu wetu hana mkono. Mtu anaweza kukata tamaa hapa akasema basi, hasara ikae ilipoangukia.

Sikubali. Nadhani lawama inamfuata aliyekuwa na uwezo wa kujua kwa gharama ndogo. Muagizaji wa kontena zima anaweza kukagua namba chache na kuupata ukweli wa mzigo wote. Bei aliyonunulia peke yake ilikuwa inampigia kelele. Forodha ina mlango mmoja wa kusimamia. Mvuvi hakuwa na chochote. Ule mkono wa kuchimba rundo, yaani 15090, alipewa Desemba 2015, na kama alinunua simu mwaka 2013 alipewa mkono baada ya nafaka kuliwa.

Utaniambia alionywa miezi sita mapema. Ni kweli, redio zilitangaza. Lakini onyo linamsaidia mtu mwenye pa kwenda. Kumwambia akamdai aliyemuuzia, wakati aliyemuuzia alikuwa kijana wa kupita aliyeshuka kwenye basi na kupanda jingine, ni kumpa haki isiyo na anwani. Waliojua tangu bandarini hawakuamka na hasara usiku ule. Faida yao ilishaingia benki.

Wapo wanaotegemea maduka makubwa yenye dhamana yatuondolee tatizo hili. Game, mtandao wa maduka kutoka Afrika Kusini, ulikuwa na tawi Mlimani City lililouza televisheni na kompyuta kwa risiti safi. Tawi hilo lilifungwa mwaka 2022, na hata lilipokuwa hai, dhamana yake ilikuwa na maana kwa mtu anayeweza kuirudisha bidhaa Mlimani City. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Ndundu haijaandikwa kwenye kadi ya dhamana. Kwa maoni yangu, zaidi ya duka au sheria, kilichoipunguzia feki wateja ni simu halisi za bei nafuu, Tecno na wenzake, zilizomwondolea maskini sababu ya kununua jina la uongo.

Ilikuwapo njia nyingine: kufunga mlango wa bandari siku ileile, na kumpa kila aliyenunua kabla ya tangazo kiswaswadu halali badala ya simu yake, gharama ikatwe kwa waagizaji wenye leseni. Wangelalamika kwamba wanabebeshwa dhambi za wenzao wa magendo, na baadhi yao wangekuwa wanasema kweli. Lakini wao wana chama, wana wanasheria, wanaweza kwenda kulalamika mahali panapojulikana. Mvuvi alitoa laini kwenye simu iliyokufa, akaifunga kwenye kipande cha nailoni isilowe, akaenda majini.