Maajabu ya Dola na Chumba cha Pazia: Suala la Maadili ya Kuchagua

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization VI (2016), mchezaji hutawala dola kwa zamu. Huteua sera zilizoandikwa kwenye kadi, kisha huamua miji yake ijenge nini: ghala, makazi au mojawapo ya maajabu ya dunia. Kadi moja huhalalisha shokoa na kuharakisha ujenzi wa maajabu ya kale kwa asilimia 15. Je, anayeiteua kadi hiyo amemdhulumu yeyote?

Jibu jepesi ni kwamba hapana, kwa kuwa raia wa mchezo ni tarakimu tu. Aidha, mchezo una uaminifu ambao watawala wengi hawana. Huonyesha bayana kwamba jiji linalojenga ajabu haliwezi kujenga ghala kwa wakati uo huo, na kwamba makazi yasipotosha, idadi ya watu hupunguza kasi ya kukua na hatimaye husimama.

Hata hivyo, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi inaikanusha hesabu hiyo. Katika mitaa kama Kaloleni na Jericho, makazi yalipokuwa haba watu hawakuacha kuongezeka. Waligawa chumba kwa pazia, wakaongeza vibanda vya mabati uani. Gharama ambayo mchezo huiandika kuwa ukuaji uliosimama ilibebwa na watoto waliolala sakafuni.

Historia ya jiji hilo inalitilia mkazo suala hili. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa katika Uhuru Park jumba la ghorofa 60, ambalo lingekuwa makao makuu ya chama tawala. Mwezi Mei 1990, vibanda vya Muoroto, karibu na Barabara ya Landhies, vilibomolewa. Jumba lile halikujengwa kamwe, kwani Wangari Maathai alilipinga hadharani na mahakamani, na wafadhili wakajitoa. Alitenda jambo ambalo kanuni za mchezo hazimruhusu raia kulitenda: alimtaka mwenye kuchagua ajieleze.

Fasihi nayo hufanya kazi iyo hiyo. Katika riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), jumba la Development House huonekana kupitia macho ya Ben na Ocholla, vibarua wanaolijenga. Msomaji hawezi kuzihesabu ghorofa pasipo kumhesabu anayezipandisha.

Haimaanishi kwamba kila ajabu ni dhuluma. Mkazi wa Jericho naye aweza kujivunia jumba la KICC lililokamilika mwaka 1973. Linalohojiwa ni mahali anaposimama mwenye kuchagua. Akisimama juu ya ramani, kila sera ni asilimia. Sera huanza kuwa ya kiadilifu pale mwenye kuilipia anapokuwa na jina, na jina hilo linapokuwa na kauli kabla ya zamu kwisha.