Siri ya kiongozi na haki ya anayeongozwa

Je, kiongozi anayo haki ya kumficha mtu kule anakompeleka, hali ya kuwa atakayelipa kwa roho yake ni huyo huyo anayefichwa?

Ndugu msomaji, kitazame kisa cha nahodha Mwingereza, Francis Drake. Desemba 1577 aling'oa nanga Plymouth na meli tano na watu wapatao 160. Mabaharia waliandikishwa wakiambiwa wanakwenda kufanya biashara Iskandaria, Misri. Kumbe safari ilikuwa ya kuizunguka Amerika ya Kusini na kuingia Pasifiki, ambako meli za Hispania zilipitisha fedha ya Peru bila ulinzi wa maana. Uingereza na Hispania hazikuwa vitani. Wakubwa wa serikali waliotia mtaji wao, akiwemo waziri Walsingham, walitaka faida bila lawama.

Wapo watakaosema kuwa siri ni silaha, na jasusi mmoja pale London angeweza kuiangamiza safari nzima. Hoja hii ina uzito, nami siipingi. Lakini kumficha adui ni jambo moja, na kumficha uliyemwajiri ni jambo jingine. Katika fiqhi tunawafundisha vijana kuwa mkataba uliofichwa jambo lake la msingi una gharari. Mtu aliyekubali kwenda Misri hakukubali kwenda kwenye baridi ya Mlango-bahari wa Magellan.

Ubaya wa siri ya namna hii ni kwamba haibaki pale ilipowekwa. Julai 1578, huko San Julián, Patagonia, Drake alimshitaki mwenzake, Thomas Doughty, kwa uasi, akamkata kichwa. Kwa maelezo ya mmoja wa waliokuwepo, Drake alidai ana mamlaka ya Malkia, lakini waraka wenyewe hakuuonyesha. Nani angemlazimisha? Pale ambapo tangu mwanzo watu wamezoeshwa kutoambiwa, hata anayedai ushahidi huonekana msaliti.

Kisha yupo mwanamke Mwafrika aliyeitwa Maria. Alitwaliwa kutoka meli ya Kihispania mwaka 1579. Alipokuwa mjamzito aliachwa, pamoja na wanaume wawili weusi, katika kisiwa kidogo karibu na Sulawesi. Habari zake zimebaki katika maandishi machache tu. Yeye hakuandikishwa kwenda Iskandaria wala kwingineko.

Septemba 1580 Drake alirudi na shehena ya fedha na dhahabu. Malkia alizichukua kumbukumbu za safari, na mwaka 1581 akampa nahodha cheo cha heshima. Balozi wa Hispania alidai mali irudishwe, akaambulia patupu. Hapo ndipo watu wengi hufunga hesabu: kwa kuwa safari ilifanikiwa, basi siri ilikuwa halali.

Mimi nasema hapana. Mafanikio hayaitakasi njia. Kipimo changu ni hiki: je, siri hii inamlinda anayebeba mzigo, au inamlinda anayegawana faida? Ikiwa wa kwanza ataujua ukweli mara tu hatari ya jasusi inapopita, hiyo ni busara. Ikiwa hataujua mpaka afike pasipo na njia ya kurudi, huo ni udanganyifu, hata ukipigiwa mizinga ya heshima.