Ahadi ya Uchache: Filamu Inapotolewa Upya, Nani Amedhulumiwa?

Toleo la idadi maalumu ni filamu iliyotiwa kwenye kasha la kipekee, ikatengenezwa nakala chache ambazo idadi yake hutajwa tangu mwanzo, na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko diski ya kawaida. Ulaya, Marekani na Korea Kusini kasha hilo mara nyingi huwa la chuma, lenye mchoro mpya na kijitabu cha makala ndani, na pengine namba ya nakala imepigwa nje. Jina SteelBook, ambalo wakusanyaji wengi hulitumia kwa makasha yote ya aina hiyo, ni alama ya biashara ya kampuni ya Scanavo ya Denmark. Mgogoro huzuka pale nakala zikishaisha, kisha kampuni ikatangaza kuwa kasha lile lile, au linalofanana nalo mno, litatolewa tena. Aliyenunua mwanzo hulalamika kuwa amepunjwa. Aliyekosa hushukuru kwamba sasa ataipata filamu kwa bei ya dukani, si kwa bei ya mlanguzi. Chini ya malalamiko na shukrani hizo kuna swali la kifalsafa: je, uchache wa kitu ni mali ya aliye nacho, hata kuuondoa kuwe ni kumdhulumu?

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Sinza na Kinondoni hadi Temeke na Mbagala, diski za filamu zilipita njia nyingine, na njia hiyo inalipa swali uzito ambao mkusanyaji wa London au Seoul anaweza asiuone. Filamu za Kiswahili za video zilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Girlfriend ya mwaka 2003 ikiwa miongoni mwa zilizofungua njia. Zilitoka kwanza kwa kanda za VHS, baadaye VCD, baadaye DVD. Wasambazaji wa jijini, Steps Entertainment wakiwa miongoni mwa wakubwa, mara nyingi waliigawa filamu moja sehemu mbili zilizouzwa mbalimbali, kila sehemu na kava lake. Kava ndilo lililouza. Sura ya mwigizaji Steven Kanumba au ya mwenzake Vincent Kigosi ikishakaa mbele, mnunuzi alikuwa na uhakika wa anachokipata kabla hajauliza hadithi inahusu nini. Pembeni, pengine kwenye meza hiyo hiyo ya machinga, zilikaa feki: kava lililodurufiwa hadi rangi zikapauka, mfuko wa nailoni badala ya kasha, na zile diski za filamu nyingi ndani ya moja, zilizowabana Jackie Chan, Jet Li na Van Damme kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo alama iliyotafutwa kwenye kasha hapa ilikuwa ya uhalali, si ya uchache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoipa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, msingi wake, na mwaka 2013 stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, zilianza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Aprili 2017 baadhi ya waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa pasipo kufuata utaratibu huo. Katika mapambano hayo yote mdhulumiwa alijulikana, naye ni mtu aliyetoa jasho: mwigizaji, mwandishi, mpiga picha, mtayarishaji. Toleo jipya la halali halimnyang'anyi huyo kitu. Laweza hata kumlipa mara ya pili, ikiwa mkataba wake unaruhusu. Hapo pana kidonda halisi, kwa kuwa watayarishaji wengi wa Bongo Movie, yaani filamu hizo za Kiswahili, waliiuza filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na aliyeuza hivyo hapati hata senti filamu yake inaporudi sokoni. Dai lake la kimaadili ni zito kuliko la mkusanyaji yeyote, na ni jambo la kusikitisha kwamba mijadala ya makasha humtaja mara chache sana.

Ili kumhukumu mkusanyaji kwa haki, lazima kwanza ijulikane ameshika nini. Mwanafalsafa wa Marekani Nelson Goodman, katika kitabu chake Languages of Art cha mwaka 1968, alizigawa sanaa katika makundi mawili. Zipo zinazoweza kughushiwa, kama uchoraji, ambapo hata nakala isiyotofautika kwa macho si kazi yenyewe kwa sababu haikutoka mkononi mwa mchoraji. Zipo pia zisizoweza kughushiwa kwa maana hiyo, kama fasihi: kila nakala ya shairi iliyoandikwa sawasawa ni shairi lile lile. Picha zinazochapwa kwa bamba la chuma aliziweka kundi la kwanza ingawa ni nyingi, maana kila karatasi iliyotoka kwenye bamba la asili ni halisi, ya kwanza sawa na ya mia.

Diski ya filamu inakaribiana na picha ya bamba. Nakala yoyote iliyotolewa kihalali kutoka kwenye kanda mama ni filamu halisi, iwe ilitoka juzi au miaka ishirini iliyopita. Ila wachapaji wa picha walikuwa na desturi moja ambayo filamu haina. Idadi iliyoahidiwa ikitimia, bamba lilikwaruzwa au kutobolewa lisiweze kuchapa tena. Ahadi ya uchache ilitiwa muhuri kwa kuharibu chanzo. Je, kuna mkusanyaji anayeweza kudai kanda mama ya filamu iharibiwe ili nakala yake ibaki adimu? Hata yule mwenye uchungu mkubwa hadai hivyo, kwa kuwa anaipenda filamu. Na akishakubali kwamba chanzo kibaki, amekubali pia kwamba kilichoahidiwa kuwa kichache hakikuwa filamu. Kilikuwa kasha.

Wachoraji wa Tingatinga wanatoa kipimo kingine, nao ni wa Kinondoni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwenye mbao za kuezekea dari, kwa rangi za baiskeli, na kazi zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Chui, ndege na mbuyu huchorwa tena na tena na mikono tofauti, na miongoni mwao kurudia picha inayopendwa si aibu wala wizi. Kinachohesabiwa kuwa udanganyifu ni kuweka saini ya marehemu kwenye ubao ambao hakuugusa. Kwa maneno mengine, jamii ya wasanii inaweza kuruhusu marudio bila kikomo huku ikikataza katakata uongo kuhusu asili ya kitu.

Basi kosa la kampuni, kama lipo, liko kwenye ahadi yake. Hapo falsafa ina kesi ya kale inayofaa. Mwanafalsafa wa Roma ya kale Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, anasimulia juu ya mfanyabiashara anayeleta nafaka kutoka Alexandria hadi Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba meli nyingine zenye shehena ziko njiani. Je, awaambie Warhodes, au anyamaze auze ghali? Mwanafalsafa Diogenes wa Babylon alisema muuzaji analazimika kutaja kasoro za bidhaa pale sheria inapotaka. Habari nyingine ni zake. Antipater, mwanafunzi wake, alisema hapana, mnunuzi asifichwe lolote ambalo muuzaji analijua. Cicero alimuunga mkono Antipater. Karne nyingi baadaye mwanateolojia Thomas Aquinas alihukumu kwamba kunyamaza huko hakuvunji haki, ingawa kusema kungekuwa wema mkubwa zaidi.

Kampuni ya filamu inayouza toleo la idadi maalumu huku ikiwa imeshapanga toleo la pili iko pabaya kuliko mfanyabiashara wa Rhodes. Yule alinyamaza tu kuhusu wingi unaokuja. Hii imeandika kwenye kasha kwamba wingi hautakuja, na bei ikapanda kwa sababu ya maandishi hayo. Hata hukumu laini ya Aquinas haiwezi kuisitiri. Kama idadi ilitajwa na kasha lile lile likachapwa kupita idadi hiyo, ahadi imevunjwa na aliyelipia ana haki ya kurudishiwa tofauti.

Haki hiyo haivuki mipaka ya ahadi. Mwanauchumi Fred Hirsch alieleza mwaka 1976 kwamba zipo bidhaa ambazo sehemu ya thamani yake hutokana na wengine kuzikosa. Mwenye bidhaa ya namna hiyo anaumia kweli mwingine anapoipata, lakini maumivu peke yake si ushahidi wa dhuluma. Aliyekuwa na redio pekee mtaani hakudhulumiwa jirani aliponunua ya kwake.

Sheria ya Kiislamu ililitazama jambo hili kutoka upande wa pili, kwa mwenye kuzuia. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, walilihusisha katazo la kuhodhi na chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alilipanua hadi kila kitu ambacho kuzuiwa kwake kunawadhuru watu. Tanzania ina kumbukumbu yake ya karibu: mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya waliohesabiwa kuwa walanguzi na wahujumu uchumi, watu wakikamatwa kwa sukari, sabuni na vitenge vilivyofichwa. Filamu si sukari, na hakuna anayekufa kwa kuikosa. Hata hivyo kwa kaya nyingi za Temeke diski, na kabla yake kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, ndiyo iliyokuwa sinema pekee waliyoweza kuimudu. Dai kwamba watu hao waendelee kukosa ili rafu ya mtu mwingine isishuke bei halina msingi katika madhehebu yoyote ya maadili yaliyotajwa hapa.

Mkusanyaji wa toleo la kwanza anabaki na nini, basi? Anabaki na kitu ambacho toleo jipya haliwezi kukigusa, nacho ni historia ya kile alichoshika. Kava la filamu ya Kanumba lililochapwa kabla ya tarehe 7 Aprili 2012, siku aliyofariki, liliuzwa na mtu aliyekuwa hai, kwa watu waliosubiri filamu yake ifuatayo. Lililochapwa baada ya mazishi yake katika makaburi ya Kinondoni ni kumbukumbu ya marehemu. Picha ni ile ile, na bado ni vitu viwili. Hata feki huweza kupata hadhi ya aina hii. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, na nakala hizo zilienea nje ya utaratibu wa hakimiliki. Anayezitafuta hatosheki na filamu yenyewe ikiwa safi. Anaitafuta sauti ya Lufufu.

Kutokana na hayo, wajibu wa anayetoa upya ni kutofuta tofauti hiyo. Aweke mwaka wa toleo, abadili mchoro au rangi ya kasha, asirudie namba za nakala. Arrow Video ya Uingereza kwa kawaida huuza kwanza toleo lenye kijitabu na sanduku, kisha diski ile ile katika kasha la kawaida. Wa kwanza anabaki na alicholipia, na wa pili anaiona filamu. Utaratibu huo unafaa hata pale DVD zinapotoweka madukani huku chaneli kama Sinema Zetu na YouTube zikichukua watazamaji, maana diski huchakaa na filamu isiyotolewa upya inaweza kupotea kabisa.

Ugumu unaobaki ni wa ahadi zilizoandikwa kwa maneno ya jumla, kama vile toleo adimu au toleo la wachache, pasipo idadi wala muda. Wanasheria wana kanuni kwamba maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, nayo inafaa hapa. Kampuni iliyochagua ukungu ili iuze ghali haiwezi kujificha ndani ya ukungu huo inapochapa tena; iwarudishie wanunuzi wa kwanza sehemu ya bei, kisha filamu iende kwa wanaoisubiri.