Kujua Tusichokiona

Anayenunua mtungi sokoni hatosheki kuutazama. Huuinua kwa mkono mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Mtungi mzima una mlio wake, na wenye ufa una mlio mwingine, ijapokuwa ufa wenyewe ni mwembamba hata jicho haliuoni. Anunuaye nazi naye huitikisa karibu na sikio apate kusikia maji yaliyo ndani. Watu hawa wawili hawakukiona walichokitafuta, lakini kila mmoja hurudi nyumbani akisema kwamba amekijua. Je, ana haki ya kusema hivyo? Yawezekana mtu kujua kweli kitu ambacho jicho lake halikukiona wala haliwezi kukiona?

Swali hili halikomei sokoni. Wataalamu wa kemia hutueleza maumbo ya molekuli, na molekuli ni ndogo mno. Za maji, hata laki moja zikipangwa mstari mmoja, hazifikii upana wa unywele. Wameyajuaje maumbo hayo? Jibu ni kwamba nao hugonga na kusikiliza. Tutazame njia mbili wanazozitumia, kisha tuamue kama wajua au wabahatisha tu.

Njia ya kwanza yatoka Bara Hindi. Mwaka 1921 Chandrasekhara Venkata Raman, mtaalamu wa Calcutta, alikuwa akirejea kwao kwa meli kutoka Uingereza. Akaushangaa ubuluu wa Bahari ya Mediterania. Wakubwa wa elimu walikuwa wamesema kwamba ubuluu huo ni taswira ya mbingu tu. Raman hakukataa kwa ubishi, wala hakukubali kwa heshima. Alichukua kipande cha kioo maalumu, akaizuia nuru ya mbingu iliyokuwa ikirudishwa na uso wa maji, akaona ubuluu ungalipo. Basi maji yenyewe yalikuwa yakiitawanya nuru. Akaifuata habari hiyo kwa miaka saba. Mwezi wa Februari 1928, yeye na mwenziwe K. S. Krishnan walithibitisha kwamba nuru ya rangi moja ikipita katika kimiminiko, sehemu kubwa ya nuru inayotawanyika hubaki na rangi yake, lakini sehemu ndogo sana hutoka imebadilika rangi.

Maana yake ni hii. Molekuli hazitulii, hutetemeka daima kama nyuzi za udi. Nuru ipitayo yaweza kuiachia molekuli kiasi fulani cha nguvu zake, mfano wa msafiri alipaye ushuru mpakani. Ukijua alikuwa na fedha kiasi gani kabla ya kupita, na amebaki na kiasi gani baada ya kupita, umejua ushuru wa mahali pale, ijapokuwa hukufika. Na kila aina ya molekuli ina ushuru wake. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Njia ya pili yatumia sumaku. Kiini cha atomu ya haidrojeni ni kama sumaku ndogo inayozunguka mfano wa pia. Kikiwekwa kati ya sumaku kubwa, huyumba kwa mwendo maalumu, na wimbi la redio lenye mwendo ule ule likikifikia, hulijibu. Mawimbi mengine hayakishughulishi. Edward Purcell na Felix Bloch, kila mmoja na wenzake huko Marekani, walitangaza jambo hili mwaka 1946 katika vitu vya kawaida kama maji, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1952.

Baadaye likaonekana jambo lililowaudhi baadhi ya wanafizikia: viini vya namna moja havikujibu sawasawa. Sababu yake ni kwamba kila kiini hukingwa kidogo na elektroni za jirani zake, kwa hiyo jibu lake hutegemea ni nani anaokaa nao. Kero hiyo ikawa hazina. Mwaka 1951 alkoholi ya kawaida ilipochunguzwa hivyo ilitoa majibu matatu, ukubwa wake ukiwa tatu, mbili na moja, kwa kuwa haidrojeni zake sita zimekaa katika makundi matatu. Kuna kitu kingine chenye atomu zile zile, kwa hesabu ile ile: kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja. Lakini hicho ni gesi, na haidrojeni zake zote sita zimekaa sawa, basi hutoa jibu moja tu. Anayehesabu atomu peke yake atasema vitu hivi viwili ni kimoja. Anayesikiliza atavitenganisha mara moja.

Mwenye shaka atasema, "Huko ni kukisia, si kujua." Nami nitamwuliza: jicho lake lajuaje embe? Halijapata kuligusa. Lapokea nuru iliyorudishwa na ganda la embe, nalo laamini ushahidi wa nuru hiyo. Basi kuona kwenyewe ni kusikiliza shahidi. Tofauti iliyopo ni kati ya shahidi aliyeulizwa vema na shahidi asiyeulizwa kabisa.

Hata hivyo, ujuzi wa namna hii una masharti yake. La kwanza ni kuwasikiliza wachache. Katika nuru iliyotawanyika, sehemu iliyobadilika rangi yaweza kuwa moja tu kati ya milioni kumi, na habari yote tuitakayo imo katika hiyo moja. La pili ni kutofanya ukimya kuwa ushahidi. Kaboni na oksijeni za kawaida hazijibu neno mbele ya sumaku, lakini zimo. La tatu ni kutotosheka na shahidi mmoja pale ambapo kosa laweza kumdhuru mtu. Vidonge viwili vyeupe vyaweza kufanana kama mapacha, kimoja dawa, kimoja uwongo, na siku hizi vipo vyombo vya mkononi vinavyovipambanua kwa njia ya Raman. Yule mgonjwa anayengoja kitandani ana haki ya kudai kwamba kidonge chake kiulizwe kwanza.

Nasi, je, tunawauliza wenzetu hivyo? Kitu kikipotea bwenini, mara nyingi anayeshukiwa ni yule maskini, au mgeni, au asiyesema sana. Umaskini wake tumeufanya ushahidi, na ukimya wake tumeufanya ungamo. Mtetezi wake akiwa mmoja kati ya arobaini, twamcheka. Hapo tumevunja masharti yote matatu, kisha twajiita watu wenye elimu.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo: yawezekana kukijua kitu tusichokiona. Lakini haki ya kusema "najua" huipata yule aliyeuliza kwa uangalifu, akasikiliza kwa saburi, na asiongeze neno ambalo shahidi hakulisema. Mnunuzi wa mtungi hulifahamu jambo hili kwa sababu atapoteza fedha yake. Sisi tunaohukumu watu twaweza kupoteza kitu kikubwa zaidi, tena si chetu.