Mwenyeji wa Jangwani na Ujira Wake

Mithali ya Kiswahili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko mwaka 1999, aliitaja mithali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza misingi ya ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii ya wazee wetu ukarimu na kazi vilikwenda pamoja. Wengi wetu huichukua kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ndani yake mna swali zito, nalo ni hili: Mgeni akishapokea jembe, akalima kwa moyo mweupe huku akilala na kula katika nyumba ile ile, je, kulima kwake ni hisani au ni malipo ya malazi? Na kama ni malipo, je, aweza kutumaini thawabu kwa Mwenyezi Mungu?

Swali hili si la kale tu. Katika nchi ya Marekani kuna ardhi kubwa sana iliyo mali ya umma. Idara moja ya serikali kuu yasimamia peke yake ekari milioni 245 hivi, na sehemu kubwa yake ni majangwa na nyika za upande wa magharibi. Katika jimbo la Arizona, karibu na mji mdogo uitwao Quartzsite, watu kwa maelfu huja wakati wa baridi na nyumba zao za magurudumu, wakakaa jangwani tangu katikati ya Septemba mpaka katikati ya Aprili. Ili mahali pa namna hiyo pasiharibike, idara hutafuta watu wa kujitolea, ambao huitwa wenyeji wa kambi. Kwa kawaida hao ni wastaafu, mara nyingi mume na mke. Hukaa pale pale kambini kwa miezi kadha, huwapokea wanaofika, huwaelekeza njia, huokota takataka, husafisha vyoo, na huwakumbusha watu masharti ya kuwasha moto. Hawana mamlaka ya askari. Wakiona uhalifu, kazi yao ni kutoa habari. Mshahara hawapewi. Wapewacho ni mahali pa kuegesha nyumba yao bila ada.

Msomaji Mwislamu atafurahi kujua kwamba katika makaburi ya mji huo huo wa Quartzsite amelala mtu aliyeitwa Haji Ali. Alitoka katika dola ya Uthmania, akafika Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la nchi hiyo ili wajaribiwe kubeba mizigo jangwani. Waamerika waliligeuza jina lake likawa Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na juu ya kaburi lake pana mnara wa mawe wenye sanamu ya ngamia kileleni. Hivyo wageni wanaofika leo katika jangwa lile hukuta kwamba mgeni mwingine, kutoka mbali zaidi, aliwatangulia.

Basi turudi kwenye swali letu. Baadhi ya watu husema: Huyo mwenyeji wa kambi hajitolei, kwani kiwanja apewacho bure kina thamani ya fedha; kwa hiyo yeye ni mfanyakazi kama wengine, ila ujira wake haupiti mkononi. Hoja hii yaonekana kuwa na nguvu, lakini haikutenganisha mambo mawili: kitu kinachomwezesha mtu kufanya kazi, na kitu kinachomfanya aifanye. Mvuvi wa Musoma apewaye mtumbwi ili awavushe wagonjwa hajalipwa mtumbwi, amewezeshwa kuvuka. Vivyo hivyo, asiyelala jangwani hawezi kulitunza jangwa usiku.

Kurani Tukufu yatupatia mfano ulio wazi zaidi katika kisa cha Nabii Musa a.s. Alipokimbia Misri na kufika kwenye maji ya Madiani, aliwakuta wanawake wawili wakizuia wanyama wao, kwa kuwa wachungaji wenye nguvu walikuwa wamekizunguka kisima. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akajitenga kivulini, asidai kitu kwa mtu, bali akamwomba Mola wake. Baadaye baba yao akamwita ili amlipe, na Musa hakukataa kwenda. Tena baba yule akamtaka akae kwake na kufanya kazi miaka minane, na akasema kwamba akitimiza kumi, hiyo miwili itakuwa ni hiari yake mwenyewe.

Hebu tuifikiri vema habari hii. Nyumba ilikuwa moja, kondoo walikuwa wale wale, na kazi haikubadilika. Hata hivyo minane ilikuwa deni na miwili ilikuwa hisani. Kwa hiyo hisani haipimwi kwa kutazama kama mtu amepata malazi au hakupata, bali kwa kutazama kile alichokizidisha juu ya kile alichodaiwa. Mwenyeji wa kambi aliyepatana kuokota takataka asubuhi, akaziokota asubuhi tu, ametimiza ahadi, na kutimiza ahadi ni jambo jema. Lakini akiamka usiku kumtafutia maji mgeni ambaye gari lake limekwama, hapo ameingia katika ile miaka miwili ya Musa. Na kila mtu mwenye kazi, hata mwenye mshahara, anayo nafasi ya kuingia humo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yatugusa sisi wa Mara kuliko watu wa Arizona. Husemwa: Mstaafu mwenye pensheni akifanya kazi bure, je, hamnyang'anyi chakula kijana ambaye angeajiriwa kuifanya? Na kwetu hali yaweza kuwa ngumu zaidi, kwa sababu ajitoleaye mara nyingi si mstaafu aliyeshiba, bali ni yule kijana mwenyewe. Wako vijana waliomaliza vyuo wanaofundisha katika shule zenye upungufu wa walimu, wakiitwa walimu wa kujitolea, wakipewa chumba na posho ndogo au wasipewe hata posho, huku wakitumaini kwamba siku moja wataajiriwa. Je, tuwasifu kwa kujitolea, au tuwahurumie kwa kukosa?

Jawabu ni kwamba yatupasa tumtazame mtoaji na mpokeaji, kila mmoja kwa nafasi yake. Kijana yule, akifundisha kwa bidii bila kuwapunguzia watoto haki yao, amefanya jambo kubwa, na Mungu hapotezi malipo ya wafanyao wema. Lakini ikhlasi ya mtoaji haimwondolei mpokeaji lawama. Mtume Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Basi mwenye uwezo wa kulipa, naye akalificha deni lake nyuma ya neno zuri la kujitolea, amekula jasho la mwenziwe. Kujitolea ni neno ambalo mtu aweza kujisemea mwenyewe. Mtu mwingine akimsemea, laanza kunuka amri. Nchi yetu yaikumbuka tofauti hiyo. Katika mwaka 1967 watu waliitwa kuingia katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Katika Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Vijiji viliongezeka upesi, lakini ile hiari iliyokuwa roho yake haikuweza kuongezwa kwa amri. Hata katika dini, Kurani Tukufu yasema wazi kwamba hakuna kulazimisha. Basi wema wa kulazimishwa utakuwaje wema?

Hoja ya tatu yahusu jina lenyewe la mwenyeji. Huenda mtu akauliza: Ardhi ikiwa ni ya umma, nani aweza kujiita mwenyeji juu yake? Sheria za Ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Na imepokewa katika hadithi kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kwa hiyo yeyote akaaye juu ya ardhi ya wote, awe askari, mchungaji au mwenyeji wa kambi, ameshika amana. Kosa kubwa limnyemeleayo ni hili: akishazoea kufagia mahali, huanza kupaona pake, na mgeni anayefika humwona kama mvamizi. Ndipo huduma hugeuka kuwa enzi ndogo, na ufagio huwa fimbo.

Tena tusiwasahau wenyeji ambao hawakuulizwa. Hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, inaeneza mkono wake wa magharibi mpaka karibu na Ziwa Victoria, kwenye lango la Ndabaka kusini ya Bunda. Mgeni hulipa ada, akapiga hema katika kambi ya umma, akalala. Usiku huo huo, ng'ambo ya mpaka, mkulima wa Bunda hukesha shambani na tochi na debe, asije tembo akamaliza mahindi yake. Huyo naye ni mwenyeji wa wanyama ambao dunia nzima yawapenda, lakini hakuna aliyemwita mtu wa kujitolea, wala hakuchagua. Haki yataka kwamba taifa linapohesabu mapato ya hifadhi, likumbuke pia mikesha hiyo; na mgeni anapousifu uzuri wa nyika, ajue kwamba kuna mtu aliyeulipia kwa usingizi wake.

Basi mizani ya jambo hili ni ipi? Kwanza, huduma iwe ya hiari ya yule atoaye. Pili, isiwe pazia la kumnyima mtu ujira aliostahili. Tatu, mtumishi asijifanye mmiliki. Ikitimiza masharti haya matatu, malazi na chakula haviiharibu, na hata kazi ya kusafisha choo cha wasafiri yaweza kuwa ibada, kwa maana Mtume s.a.w. amehesabu kuondoa udhia njiani kuwa katika sehemu za imani.

Na juu ya hayo yote kiko kile kisa cha sura ya Al-Kahf. Nabii Musa a.s. na mwenziwe walifika katika mji, wakaomba chakula, na wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Wakaona humo ukuta ulio karibu kuanguka, na yule mwenziwe akausimamisha. Musa akastaajabu, akasema kwamba angalitaka angaliweza kuchukua ujira. Wao walikuwa wageni walionyimwa haki ya mgeni, lakini wakatenda kazi ya mwenyeji. Baadaye ikajulikana kwamba ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake palikuwa na hazina yao. Yaani wale walionufaika hawakuwa wale waliowafukuza, wala hawakujua kamwe ni nani aliyewatengenezea.

Ndugu msomaji, katika kila kijiji kati ya Musoma, Bunda na Butiama hakikosi kuwako kisima cha kusafishwa, njia ya kufyekwa na ukuta ulioinama. Usiulize kwanza kama wenye mji walikukaribisha vizuri. Uliza ni mayatima gani watakaoukuta umesimama. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutoa bila kulazimishwa, kulipa bila kukawia, na kukaa katika ardhi yake kama watu walioshika amana. Amin.